Chumvi ya Fundi Cherehani

Kazini naitwa Mama Pole. Jina sikuliomba. Washauri wenzangu walinibandika kwa sababu mteja hajakalia kiti chumbani kwangu nimeshamwambia pole, na akiondoka namsindikiza na nyingine ya njiani. Mume wangu, fundi wa majokofu ambaye mdomo wake hauna breki, husema kwetu mtu huambiwa pole hata akishinda bahati nasibu. Mwacheni aseme. Watu wameniletea misiba, talaka na watoto walioshindikana, na wengi wao wametoka wepesi kuliko walivyoingia.

Ndiyo maana nilipopelekwa kusomea usimamizi niliona ni mteremko. Mshauri nasaha anayesikiliza shida za watu kutwa naye anahitaji mtu wa kukaa naye wazungumze kuhusu wateja wake: huyu nimemwelewa, huyu nimemkosea, huyu ananitisha. Mtu huyo ndiye msimamizi. Si mkaguzi wala si bosi. Ni mshauri wa siku nyingi aliyefundishwa kuitazama kazi ya mwenzake. Nikajisemea, hilo nalo la kusomea? Kusikiliza si kusikiliza tu?

Lo! Siku ya kwanza nilinyooshwa.

Darasani tulikuwa watu wazima watupu, mvi na miwani ya kusomea, na kati yetu mchungaji mstaafu ambaye kila kikao cha mazoezi alikimalizia kwa sala bila kujitambua. Mkufunzi alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye kalamu ya chuma ambayo hatukuwahi kumwona akiiandikia. Tukamwita Bi Kalamu. Alipanga viti vitatu, kimoja cha msimamizi, kimoja cha mshauri, na cha tatu akakiacha kitupu.

"Hiki ni cha mteja," alisema. "Hayupo chumbani, lakini kikao ni chake. Mkimsahau, nagonga."

Nikaitwa kufungua dimba. Mchungaji akakaa mbele yangu, akaanza kueleza habari za kijana anayemshauri, ameacha shule, sasa analala nje. Akasema kesi ile inamchosha, hata nyumbani chakula hakipiti. Nikamwambia pole. Nikamuuliza amechoka tangu lini, nyumbani nani anamwelewa, na mara mzee wa watu machozi yanamtiririka na mimi nimeinama mbele nampa kitambaa. Nilijiona mtaalamu kwelikweli. Ndipo nikasikia ko, ko, ko, kalamu ya chuma kwenye mti wa kiti.

"Yule kijana anayelala nje yuko wapi?" Bi Kalamu akauliza.

Nikageuka. Kwenye kiti cha tatu nilikuwa nimeweka mkoba wangu.

Darasa likaangua kicheko, hata mchungaji akacheka na machozi yake usoni. Mimi sikucheka. Nilikasirika kama mtu anavyokasirika akikamatwa.

"Umemfanya mshauri kuwa mteja wako," Bi Kalamu akasema, bila kupandisha sauti. "Ni kosa la wazoefu. Mgeni halifanyi, maana hajui kushauri vizuri hivyo. Mshauri akija kwako na jeraha lake mwenyewe, mwambie kweli kwamba umeliona, umtafutie mtu mwingine wa kumtibu. Wewe baki na kazi. Ukitaka kuyafanya yote mawili, huyu wa kiti cha tatu ataachwa njiani."

Halafu akaligeukia neno langu.

"Mtu ukimwambia pole, anajibuje?"

"Nimeshapoa," nikasema.

"Na anakuwa ameshapoa?"

"Hapana. Ni adabu tu."

"Haya. Mmeshafungiana mlango, kwa adabu zote. Kwenye kikao sitaki kulisikia."

Nilipomsimulia mume wangu jioni ile aliweka bisibisi chini. "Sasa wewe utapumulia wapi?" akauliza. Nikamwambia akale.

Nilivumilia kwa sababu nilikitaka kile cheti. Nasema wazi, sina haja ya kujifanya. Kituo chetu kilikuwa kimeambiwa kiwe na msimamizi mwenye cheti kabla ya mwaka kwisha, na mkurugenzi akaniambia nafasi hiyo ni yangu nikifaulu, pamoja na chumba cha pembeni chenye dirisha linalofunguka. Nikishindwa, analetwa mtu kutoka nje, na mimi naendelea kubanana na wenzangu kwenye chumba chenye harufu ya wino wa mashine ya kuchapia, nikisimamiwa na mtu ambaye huenda nilimtangulia kazini. Aibu hiyo niliiogopa kuliko mtihani wenyewe.

Mtihani ulikuwa hivi. Kila mmoja wetu atafute mshauri wa kweli, amsimamie kwa miezi kadhaa, kikao baada ya kikao, na kikao cha mwisho Bi Kalamu aje akae kwenye kona atazame. Sharti lilikuwa moja, mshauri huyo awe na wateja. Bila mteja hakuna usimamizi, kuna maongezi tu, na maongezi hayana cheti.

Washauri niliowaomba walinikwepa kila mmoja kwa njia yake. Nani anataka watu wajifunzie kunyoa kichwani pake? Nikaishia kwa Mwalimu.

Mwalimu ndiye aliyenishika mkono nilipoanza kazi hii, nikiwa sijui niseme nini mtu akilia. Ni mwembamba, mpole, shati hulifunga mpaka kifungo cha shingoni. Yeye ndiye aliyenifundisha ujanja wa kale kuliko wote wa wateja. "Mtu akikwambia, nina rafiki yangu ana shida," alikuwa akisema, "usicheke, na usimuumbue. Mpokee huyo rafiki, mpe kiti. Ipo siku mwenyewe atakuja." Mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia, mkewe alifariki. Nilikwenda msibani nikapanga foleni pamoja na wengine, nikamwambia pole, naye akanijibu kama alivyowajibu wote, harakaharaka, "Nimeshapoa, mwanangu, nimeshapoa." Nikaenda zangu.

Nilipomwomba nimsimamie aliinua nyusi.

"Wewe unisimamie mimi?"

"Kama hutajali, Mwalimu. Wateja unao bado?"

"Mtu wa kazi hii hakosi mteja," akasema. "Njoo Alhamisi."

Chumba chake cha kazi kimeshikana na nyumba, kina mlango wake wa nje, na mlango mwingine wa ndani unaotokea jikoni. Kuna feni, meza ndogo yenye kisanduku cha tishu, na viti vya kutosha. Alhamisi ya kwanza nilivipanga vitatu, mkoba nikauweka sakafuni, nikamwambia aniletee mteja.

Akaniletea fundi cherehani. Mtu mzima, akasema, mwenye mke na watoto wakubwa. Alikuwa na duka pamoja na ndugu yake, mashine mbili zinatazamana. Ndugu akafa ghafla. Sasa fundi huenda dukani kila siku, huketi kwenye mashine yake, na hashoni. Redio ameiacha kwenye stesheni aliyoipenda marehemu, stesheni ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuipenda. Wapita njia humsalimia, naye hujibu vizuri, na wao huondoka wakisema yule mzee ni jiwe.

"Mke wake anasemaje?" nikauliza.

"Analalamika. Nguo za watu zimejaa, hazishonwi."

"Na fundi anataka nini kwako?"

Mwalimu akafikiri sana. "Anataka asiulizwe," akasema. "Na anataka aulizwe."

Nilirudi nyumbani nikiwa na raha. Nikamwambia mume wangu huyu ndiye mshauri, sikiliza jinsi anavyomsoma mteja wake mpaka kwenye mifupa. Kila Alhamisi nilikwenda, na kila Alhamisi fundi alikuwa hai zaidi. Nilijua anavyosugua kidole gumba akifikiri, nilijua anavyoshtuka mtu akikohoa barabarani. Neno pole halikunitoka hata mara moja. Kuna nyakati Mwalimu alikatisha sentensi akabaki anatazama mlango wa jikoni. Mama Pole wa zamani angeuliza, vipi, Mwalimu, uko sawa? Mimi, mwanafunzi mwema, nilikuwa namrudisha kwenye mstari. "Turudi kwa fundi," nasema. Naye hurudi.

Jambo moja niliona nikalipita. Kwangu kisanduku cha tishu hakimalizi wiki. Chake kilikuwa vilevile kila nikija, tishu ileile imechungulia juu, ukingo wake umeshika vumbi. Nikajiambia wateja wake ni wanaume, na wanaume hawalii hovyo.

Siku ya mtihani Bi Kalamu alifika kabla yangu. Nilimkuta ameshakaa kwenye kona, kalamu mapajani, kama kiti cha ziada. Mwalimu alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi, mkono mmoja una mikunjo miwili iliyokwenda sambamba. Tukakaa. Kiti cha tatu kikakaa nasi.

"Leo fundi yuko vipi?" nikaanza.

"Yuko vilevile. Safari hii alinisimulia habari za asubuhi." Mwalimu alisema taratibu, macho kwenye kiti kitupu. "Anaamka mapema, ni mazoea. Anakwenda jikoni anachemsha yai. Halafu anasimama na yai lake. Makopo yamepangwa rafuni, yote yanafanana. Hajui chumvi iko kopo gani. Kuyafungua moja moja anaona aibu, yaani nyumbani kwake mwenyewe apekue kama mwizi? Basi analila hivyohivyo."

"Anapokusimulia hayo, wewe..."

Nikakwama hapo. Ile chumvi ilinikaa kooni.

Fundi ana mke. Mke yupo, analalamika, nguo hazishonwi. Mwenye mke anayelalamika haimpotei chumvi, akipaza sauti tu atatajiwa kopo. Na marehemu alikuwa ndugu wa dukani, ndugu wa dukani hapangi makopo jikoni kwa mwenzake. Nikatazama kisanduku cha tishu. Nikatazama ile mikunjo miwili ya shati. Nina rafiki yangu ana shida. Jamani! Mtu aliyenifundisha ujanja ule alikuwa ameutumia kwangu Alhamisi zote zile, na mimi rafiki nilimpa kiti, nikamkaribisha, nikamhoji vizuri ajabu, na mwenyewe nikawa namwambia arudi kwenye mstari. Kinyozi hajinyoi, tunasema, halafu tunapita tukimsifu kwa nywele ndefu.

Bi Kalamu hakuijua hadithi ya fundi tangu mwanzo. Ningeuliza swali lolote la kawaida, kikao kingeisha salama, cheti kingekuwa changu na dirisha langu linafunguka. Nikiuliza la chumvi, hakuna fundi. Hakuna fundi, hakuna mteja, na miezi yote ile ni maongezi. Hayo yote niliyaona kwa mara moja, na nilitamani sana kuuliza la kawaida.

"Mwalimu," nikasema, "yale makopo alikuwa akiyapanga nani?"

Yeye aliendelea kutazama kiti cha tatu, kisha akavua miwani akaishika.

"Fundi hayupo," akasema. "Alikuwepo, zamani. Mimi nimemshona upya."

"Wateja wengine?"

"Sina. Tangu msiba sijapokea mtu. Alikuja mama mmoja, akakaa hapo akalia, nikagundua simsikii. Yeye anasema, mimi nasikia nyumba yangu ilivyo kimya. Nikamwelekeza kwa mwenzangu, nikafunga. Wewe ulipokuja niliona haya kukwambia. Nikasema mara moja tu, nimsaidie apate cheti chake." Akafuta miwani kwa ncha ya shati. "Halafu nikaona Alhamisi kuna mtu anakuja."

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Aliinuka, akahama kiti chake, akaenda kukaa kwenye kile cha tatu. Akaweka mikono juu ya magoti, kama wanavyokaa wateja siku ya kwanza.

"Basi nianze," akasema. "Mke wangu..."

Nyie, mwili mzima uliniinamia mbele wenyewe. Neno lilishafika kwenye meno. Hapakuwa na mtu duniani ambaye ningependa kumsikiliza kuliko yule mzee, na najua ningemsikiliza vizuri, hiyo ndiyo kazi ninayoiweza. Nikatazama kona. Bi Kalamu alikuwa ameiinua kalamu hewani, hakugonga, alingoja.

"Mwalimu, subiri," nikasema. "Chumba umefanya vizuri kukifunga. Kisifunguliwe kwanza. Kama msimamizi wako nakwambia hivyo. Na hayo unayotaka kuyasema yana haki ya kusikilizwa, tena sana. Nitakutafutia mtu leo hii, mtu mzuri. Si mimi."

"Nilidhani utakuwa wewe."

"Si mimi, Mwalimu. Nikikushauri leo, kesho sitaweza kukukataza kupokea wateja. Nitakuonea huruma."

Akanitazama. Nimewahi kutazamwa na watu waliofiwa, walioachwa, walioibiwa, sijawahi kutazamwa vile. Nilihisi nimemfungia mlango mvuani.

"Hilo mimi sikukufundisha," akasema mwishowe.

"Hapana. Nimefundishwa huku."

Akatikisa kichwa kukubali, polepole, akavaa miwani yake. Akauliza huyo mtu mzuri ni nani. Nikamtajia mwanamke mmoja wa hospitali ya upande wa pili wa mji, ambaye Mwalimu hamjui wala hakuwahi kumfundisha. Nikampigia simu palepale, spika imefunguliwa, wakapangiana siku wenyewe.

Bi Kalamu alinifuata nje. Alikuwa ameitia kalamu kwenye mfuko wa gauni.

"Vikao hivyo havihesabiki," akasema. "Unalijua hilo."

"Nalijua."

"Utaanza upya na mshauri mwingine mwakani."

"Mwakani nafasi ina mtu."

"Najua." Alifungua geti, akasimama. "Ulikaa naye miezi mingi. Ila cha leo ndicho kikao pekee ulichosimamia." Akaenda zake, bila kwaheri, ndivyo alivyo.

Mkurugenzi nilimwambia kwa simu palepale getini. Akasema anasikitika, nikamwambia asisikitike, amlete huyo wa nje. Machozi yalinitoka kidogo, ya hasira na ya kile chumba cha pembeni. Nikayafuta, maana mkoba nilikuwa nimeusahau ndani.

Nilimkuta Mwalimu amesimama kwenye mlango wa jikoni, hajaingia wala hajatoka. Makopo yalikuwa rafuni kama alivyosema, makopo ya maziwa ya unga yaliyochubuliwa karatasi zake, yote yanameremeta sawasawa. Mwenye kuyapanga alikuwa akiyajua kwa kichwa.

"Watu husema nimekula chumvi nyingi," akasema. "Wangejua."

Nikacheka, naye akacheka. Kikao kilikuwa kimeisha na mwenye kalamu ameondoka. Nikaingia jikoni, nikavuta kigoda. Mimi nateremsha, yeye anafungua. Sukari. Majani ya chai. Maharage. Moja lilijaa vifungo vya mashati, akavichezea kidogo kwa kidole kabla ya kulifunga. Mchele. Unga. Chumvi ilikuwa kwenye kopo la karibu na dirisha, lenye kifuniko kilichopinda, na pengine kifuniko kile ndicho kilikuwa alama ya mkewe. Alionja kwa ncha ya kidole ahakikishe. Akabaki amelikumbatia kifuani, amenipa mgongo, na mabega yakaanza kwenda juu na chini.

Nikashuka kwenye kigoda.

"Pole, Mwalimu," nikamwambia.

Nilingoja lile jibu la msibani. Halikuja.

"Sijapoa," akasema. "Sijapoa, mwanangu."